Alama ya Mguu wa Kuku

Juzi mteja alileta mshipi wa ngozi kuukuu kwenye kibanda ninapofanyia kazi hapa Eastleigh, akataka nimtobolee matundu mawili zaidi. Ngozi ilikuwa imekauka na kujaa uchafu, kwa hiyo nikaifuta kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Harufu ilipopanda, mikono yangu ikasimama. Mteja akauliza, "Vipi, imekatika?" Nikatikisa kichwa. Haikuwa imekatika. Nilikuwa nimerudi mtaani Kaloleni, nina miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa Agosti.

Nililelewa na nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wajaluo humwita Dani, na mtaa mzima ukamwita hivyo. Tuliishi katika nyumba moja ya zile za zamani za mawe, chumba kimoja na jiko. Ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo nyumba nyingine zilitundika kalenda, Dani alikuwa ametundika ala ya kisu. Ala tupu. Ilikuwa ya ngozi nene ya kahawia, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, yenye misumari midogo ya shaba ubavuni na kitanzi cha kupitishia mshipi. Ilinuka kama kiti cha gari kilichoachwa juani. Hakuna aliyeigusa isipokuwa Dani, naye aliigusa Jumamosi tu, akiipangusa vumbi huku amekunja uso.

Karibu na mdomo wa ala palikuwa na alama ndogo iliyofifia: mistari mitatu inayokutana mahali pamoja, kama nyayo za kuku kwenye matope ya nje ya bafu. Mimi nililala chini ya alama ile kila siku, nikafikia uamuzi wangu. Kisu cha ala ile kilikuwa cha kuchinjia kuku. Na Dani aliposema kwamba baba yake alirudi nacho kutoka vita vya Burma, sikushangaa hata kidogo, kwa sababu Burma nilikuwa naijua. Ni soko la nyama, hatua chache kutoka kwetu, tulikokuwa tunatumwa kununua matumbo. Niliviona vita vile wazi kabisa: wauza nyama upande mmoja na makoti yao meupe yenye damu, baba yake Dani upande wa pili, na kuku wakiruka katikati. Sikumwuliza mtu kama ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa mtoto wa kuuliza. Maneno yalinifika kooni yakarudi.

Jambo moja tu kila mtu alilijua bila kuuliza. Kisu kile kiliwatenganisha Dani na mdogo wake, Babu Okelo. Baba yao alipofariki, waombolezaji walikusanyika ukumbini hapo mtaani kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani Siaya. Mbuzi wakaletwa. Dani akatoa kisu cha baba kwenye ala, akampa ndugu yake mkononi achinje. Akachinja. Kesho yake familia yote ikapanda basi na jeneza. Waliporudi Nairobi baada ya wiki mbili, ala ilikuwa ukutani na kisu hakipo. Dani alimwambia Babu Okelo mbele ya watu, kwenye mfereji wa maji, "Rudisha kisu cha baba ulichouza." Babu Okelo akamtazama, akainua ndoo yake, akaenda. Mwezi uliofuata akahamia Kware, kwenye magorofa. Krismasi zilipita, ubatizo ukapita, hata babangu alipooa hakuja. Nilizaliwa nikamkuta tayari ni mtu wa kutajwa kwa sauti ya chini.

Agosti hiyo panya akatafuna mshono wa ala. Dani alipiga ukelele kana kwamba panya amemng'ata yeye. Akaifunga ala kwenye gazeti, akanipa. "Nyakwara," ndivyo alivyoniita, mjukuu wangu, "peleka kwa Mzee Njoroge. Mwambie ashone tu. Asikate kitu, asibandike kitu. Na usiiweke chini popote."

Mzee Njoroge alikuwa fundi wa viatu kando ya njia ya kanisa, mtu wa Murang'a, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilifungua gazeti, akaigeuza ala huku na huku.

"Kairitu," akaniita, yaani msichana kwa Kikuyu, "hii umeitoa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole, upande wa nyumbani.

"Keti hapo. Hii haishonwi ikiwa chafu."

Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kufuta. Uchafu mweusi ukatoka, halafu uchafu wa kahawia, halafu ngozi yenyewe ikaanza kuonekana. Akaiacha ikauke juani, kisha akachukua kipande cha chaki, kile anachochorea soli, akakisugua juu ya ngozi na kupangusa kwa kiganja. Chaki ikafutika kila mahali isipokuwa ndani ya mikwaruzo. Na hapo, mbele ya macho yangu, ala ikaanza kuandika. Mguu wa kuku ulijitokeza mweupe na mkali. Chini yake zikaja herufi tatu. Chini ya herufi, polepole, moja baada ya nyingine, zikaja tarakimu tano: nne, sifuri, saba, moja, sita.

Nilisahau kwamba mimi ni mtoto wa kunyamaza. "Ni namba ya kuku?" nikauliza.

Mzee Njoroge alicheka hadi miwani ikateleza. "Kuku gani? Huu ni mshale, kairitu. Serikali ya Mwingereza ilipiga mshale kwenye kila kitu chake. Koleo, birika, kiatu, kisu. Maana yake ni, hiki ni chetu, weka chini. Hizi herufi ni za kikosi. Na hii namba ni ya askari mwenyewe. Unaona imepinda? Hii haikupigwa kiwandani. Aliipiga yeye, kwa msumari na nyundo."

"Kwa nini?"

"Kambini visu vyote vinafanana. Usipotia alama yako, asubuhi unaamka na kisu cha mwenzako kibutu. Kwa hiyo wanapiga namba pande zote mbili, kwenye ala na kwenye chuma, hapa chini karibu na mpini. Namba zikikubaliana, hao ni mume na mke. Zisipokubaliana," akashona tundu la kwanza, "hao wamekutana tu barabarani."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Kumbe kisu kilikuwa na jina! Kumbe mahali popote kilipo, Nairobi hii au kwingine, kilikuwa kimebeba tarakimu tano ambazo mimi sasa nilizijua, na hakingeweza kujificha. Nilichana karatasi katikati ya daftari la hesabu, nikaiweka juu ya ala, nikasugua kwa penseli iliyolala. Mshale ukatokea, herufi zikatokea, namba ikatokea. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia ndani ya soksi.

Wiki zilizofuata nilisoma visu vya Kaloleni vyote. Ukiona mtoto ameinama nyuma ya muuza sukumawiki anatazama kisu chake, ni mimi. Nilisoma mapanga ya wakata majani, visu vya mama wa samaki, hata kisu cha kinyozi. Nikajifunza kwamba chuma nacho huongea. Vingine vilikuwa na picha ya mamba, vingine nyota, vingine jina la nchi ya mbali, na vingi havikuwa na lolote. Wauza nyama wa Burma walinizoea. Watoto wa mtaa nao hawakuniacha.

"Niaje, inspekta wa visu!"

"Inspekta, kuja ucheki kisu ya kwetu, inakata ugali bila mchuzi!"

"Wachana naye, ako kazi ya siri."

Siku nyingine maneno kama hayo yangenifungia ndani juma zima. Siku hizo hata hayakunigusa. Nilikuwa natafuta kitu ambacho kingemfanya Babu Okelo ama awe mwizi wa kweli, ama asiwe. Nilitaka sana asiwe. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyeinua ndoo yake na kuondoka bila kutukana hakuwa ameuza kisu cha baba yake.

Kisha ikaja harusi ya binti wa jirani, na akina mama wa mtaa wakapika ukumbini. Wenzangu mliokulia Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, mtakumbuka mpango ulivyo. Kila nyumba huleta vyombo, na kila chombo huwa na alama ili kirudi kwao. Dani alipaka rangi ya kucha, nyekundu, chini ya kila sufuria na kwenye kila kijiko. Mama mwingine alifunga uzi wa kijani. Mwingine alipiga vitundu vitatu kwa msumari. Vyombo vya kikundi chao cha akina mama, vinavyokaa kwenye sanduku la bati ukumbini, vilipakwa rangi ya buluu. Na sheria ilikuwa moja, aliyeilinda ni mweka vyombo, Mama Truphena, mwanamke mpana mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride: chombo kisicho na alama ni cha kikundi.

Niliketi kwenye mkeka nikichambua mchele. Mbele yangu akina mama kumi hivi walikuwa wanakata kabichi juu ya magunia, na Dani katikati yao, mwepesi kuliko wote. Kabichi ilimwagika chini ya mkono wake kama nyuzi. Alikuwa anatumia kisu kirefu kutoka kwenye sanduku la kikundi, kile alichokichagua siku zote kwa sababu kilishika makali. Mpini wake ulizungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli. Ncha ilivunjika zamani. Ubapa ulikuwa umenolewa hadi ukawa mwembamba kama mwezi mchanga, na chini, karibu na mpini, palikuwa na rangi ya buluu, tabaka juu ya tabaka.

Jua liliingia dirishani likaangukia pale penye rangi. Kipande kimoja kilikuwa kimebanduka. Chini yake, kwenye chuma, niliona kucha mbili za kuku.

Sijui niliacha lini kuchambua mchele. Nilitaka kupiga kelele, na sauti ikakataa, kama kawaida yake. Nikasogea kwa magoti hadi karibu na Dani.

"Dani, nipe nikate."

"Wewe? Ukate vidole vyako tuvipike?"

Akina mama wakacheka. "Mwache ajifunze," mmoja akasema, "ama akiolewa atapika maharagwe ya mkebe tu?" Dani akaendelea kukata. Nilingoja. Nilingoja kabichi nne nzima, nikizihesabu. Hatimaye aliweka kisu chini akaenda kuchota maji, nami nikakirukia. Nikaokota kizibo cha soda, nikaanza kukwangua rangi kwa meno yake. Buluu ikaruka vipande vipande. Mshale ukatoka mzima. Herufi ya kwanza ikatoka.

"Wewe mtoto!" Mama Truphena alikuwa amesimama juu yangu. "Unaharibu mali ya kikundi! Dani, Dani, njoo uone mjukuu wako mpole!"

Ukumbi wote ukageuka. Hayo ndiyo macho niliyoyaogopa maisha yangu yote, na sasa yalikuwa juu yangu yote kwa pamoja, na Dani anarudi na maji, uso umemkunjamana. Sikuweza kusema hata neno. Lakini mikono yangu haikuwa na haya. Ilivua soksi, ikatoa karatasi, ikaikunjua juu ya gunia la kabichi, ikalaza kisu kando yake. Halafu nikaendelea kukwangua.

"Hii ni nini?" Mama Truphena akauliza, sasa kwa sauti ndogo. Akainama. Dani hakuwa na miwani yake, kwa hiyo ni Mama Truphena aliyesoma, akigusa kwa kidole mara kwenye karatasi, mara kwenye chuma. "Nne, nne. Sifuri, sifuri. Saba... ngoja, kwangua hapo. Saba. Moja, moja. Sita." Akanyanyua kichwa. "Hii karatasi umeitoa wapi?"

"Kwenye ala ya Dani," nikasema. Lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kusema mbele ya watu wengi hivyo.

Dani aliweka maji chini. Alikaa palepale sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Alikichukua kisu, akapitisha kidole gumba kwenye zile namba, tena na tena.

Mama Truphena naye alikaa. "Mungu wangu," akasema. "Ni mimi. Ni mkono wangu huu. Mlipopanda basi na marehemu, sisi tuliobaki tulikosha vyombo hapa siku mbili. Cha rangi nyekundu kwa Dani, cha uzi kwa fulani. Hiki kilikuwa kwenye beseni la nyama, hakina rangi wala uzi, na mikwaruzo hii sikuijua ni alama ya mtu. Nikapaka buluu. Baadaye mpini ukapasuka, tukauzungushia mpira."

"Hakikuwa na alama," Dani akasema polepole, "kwa sababu nani angekitia alama? Kila mtu alijua ni cha baba."

"Kila aliyejua alipanda basi, Dani."

Kisha mama mmoja, sijui ni nani, akashindwa kujizuia. "Kwa hiyo miaka yote hii, Dani, umekuwa ukikatia kabichi kisu unachokitafuta?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, nilikuwa na furaha ya kupasuka, nilitaka kukimbia mtaa mzima nikizitangaza namba zile kama nambari za bahati nasibu. Nikamtazama Dani ili tucheke pamoja. Hakuwa anacheka.

"Nilimwambia ameuza," akasema. "Kwenye mfereji. Mbele ya watu."

Mama Truphena akatoa simu yake. "Mpigie sasa hivi."

"Hapana. Maneno yale niliyapeleka kwa miguu yangu. Siwezi kuyaondoa kwa simu."

Jumapili baada ya ibada alikivika kisu ala yake. Kiliingia kikiwa kimelegea, kwa kuwa kilikuwa kimekonda. Akakifunga kwa leso, akanishika mkono, tukaenda Kware. Sikuwa nimewahi kuona nyumba zilizorundikana namna ile, nguo za gorofa hii zikidondokea nguo za gorofa ile, na anga limebaki utepe. Tulipanda ngazi. Dani alipumzika kila gorofa, na kila alipopumzika nilidhani tutarudi. Gorofa ya sita alisimama mbele ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya maziwa. Hakubisha. Nikabisha mimi.

Mzee mrefu akafungua, mwenye pua ya Dani. Nyuma yake mke wake alikuwa anamenya viazi. Mzee akamtazama dada yake, kisha akaitazama leso na umbo lililokuwa ndani yake.

"Umenijia na kisu," akasema.

"Okelo," Dani akaanza. Akaifungua leso, akatoa kisu kwenye ala, akaonyesha namba, akaeleza yote kwa haraka, beseni, rangi ya buluu, kabichi, soksi yangu, akichanganya Kijaluo na Kiswahili, na mwisho akasema, "Nilikosea. Nisamehe."

Babu Okelo hakukigusa kisu. Alikuwa ameegemea mlango kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Siku ile pale mferejini," akasema, "uliniambia rudisha. Hukuniuliza. Nikasema moyoni, akiniuliza nitamjibu. Nikangoja nyumbani mwezi mzima. Nikahama, nikangoja hapa. Mtu hutaka kuulizwa, dada. Hata mwizi huulizwa."

"Okelo, kisu si hiki hapa?"

"Nakiona."

Walisimama hivyo, wazee wawili, na mimi katikati yao nimeshikilia ala tupu. Kutoka gorofa ya chini mtu alikuwa anapiga mswaki kwa kelele. Nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote, na sikujua naomba nini hasa, mpaka nilipomwona Dani akinyoosha mgongo, kisu cha baba yake kikiwa wazi mkononi mwake.

"Ndugu yangu wa tumbo moja," akasema, "kisu cha baba kiko wapi?"

Babu Okelo akaacha kuegemea mlango.

"Nilipomaliza kuchinja niliwapa akina mama wakatie nyama," akajibu. Kisha akamgeukia mkewe ndani, na sauti yake ikapasuka katikati. "Mama Adongo! Umesikia? Nimeulizwa! Weka chai, nimeulizwa!"